Barua za Vaubrune
Sehemu ya Tisa

Wamucii hakukaa chini.

Watu mia mbili walimgeukia ndani ya kanisa la Gikondu, Jumapili ile ya Agosti 1996, na yeye akabaki wima katikati ya mabenchi, kopo la mafuta ya Kimbo la kilo mbili kifuani, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi mabegani. Neno alilotamka ndilo tulilofungia ukurasa wiki jana. Sasa Mzee Hezekiah alitaka kulisikia tena.

"Umeniita nini, bibi ya ndugu yangu?"

"Mwizi."

"Ndani ya nyumba ya Mungu?"

"Hata ndani ya ofisi ya chifu. Mwizi!"

Msomaji uliyejiunga nasi leo, Gikondu ni kijiji kidogo juu ya Kerugoya, pale mashamba ya chai yanapogusana na msitu. Hakina simu, hakina posta. Barua za kijiji kizima huja kwa sanduku moja la kanisa huko mjini, na ufunguo wa sanduku hilo hukaa mfukoni mwa Hezekiah, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minane. Kila Jumamosi hushuka Kerugoya. Kila Jumapili, ibada ikiisha, husimama juu ya ngazi na kuita majina.

Miaka miwili na miezi saba Wamucii alisimama chini ya ngazi hizo akingoja lake liitwe.

Binti yake wa pekee, Watiri, aliondoka Januari 1994 na masista waliomfundisha kazi ya maziwa kule Nyeri. Walimpeleka kijiji kimoja cha Ufaransa akajifunze kutengeneza jibini. Aliahidi kuandika kila mwezi. Hezekiah hakuita jina la Wamucii hata siku moja. Alikuwa akimshika bega mbele ya watu na kumwambia, "Vumilia, Mama Watiri. Vijana wakionja Ulaya, mama anasahaulika."

Jana Wamucii alikwenda kwa shemeji yake huyo kuazima sufuria kubwa. Nyuma ya sufuria, store, akakuta kopo. Ndani ya kopo, barua thelathini na moja zenye stempu za Ufaransa na mwandiko wa Watiri. Kila moja ilikuwa imefunguliwa kwa wembe. Wamucii hajui kusoma, lakini mwandiko huo aliujua.

Na keshokutwa, Jumanne, Wamucii alikuwa ashuke bodi ya ardhi Kerugoya, shamba la marehemu mume wake Muriithi liandikwe jina la Hezekiah. Mjane asiye na mtoto atafanyia nini ekari nne za chai?

"Mchungaji," Hezekiah akasema kwa sauti ya upole iliyowaudhi hata waliokuwa upande wake. "Si nilikuambia? Upweke umemwingia kichwani."

Mchungaji Gatimu alipangusa miwani kwa ncha ya joho. "Mama Watiri, mambo ya nyumbani yazungumzwe nyumbani. Kwaya, tusimame. Wimbo wa mia moja na nne."

Kwaya haikusimama.

Mukami, kiongozi wa kwaya, alikifunga kitabu chake cha nyimbo na kukiweka kwenye benchi. Alikuwa amekaa dawati moja na Watiri kutoka darasa la kwanza hadi la nane.

"Mama," akasema, "nipe moja niangalie."

Wamucii akampa. Mukami akaitazama bahasha, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya jina.

"Hii ni mkono ya Watiri," akasema kwa nguvu, kanisa zima lisikie. "Hiyo *W* anaiandika hivyo tangu tukiwa watoto. Alikuwa anachapwa juu yake."

"Isome!" mama mmoja akaita kutoka nyuma.

"Hapa si mahali—" akaanza mchungaji.

"Isome!" wakaitikia wengine. Kina mama wa Gild, chama cha wanawake wa kanisa, walikuwa wameshaanza kusogea, mmoja mmoja, wakimzunguka Wamucii na mabega yao.

Mukami akasoma.

"'Mama, nakuandikia kutoka Vaubrune. Usicheke, hata mimi hilo jina lilinishinda wiki nzima. Ni kijiji kidogo kuliko Gikondu. Watu hawafiki mia mbili, na ng'ombe wanawashinda watu. Ng'ombe wanafungwa kengele shingoni, kwa hivyo asubuhi ni kama makanisa ishirini yameita pamoja. Duka hakuna. Mkate unaletwa na gari. Likifika kwenye chemchemi ya kijiji linapiga honi mara tatu, na wamama wanatoka na aproni zao, wanapanga laini na kusengenya, vile nyinyi mnafanya pale kwa mashine ya posho.'"

Kicheko kidogo kikapita kwenye mabenchi. Hakikudumu.

"'Mkubwa wa kijiji anaitwa meya. Nilimkuta amevaa gambuti zimejaa samadi, nikamwambia aniitie mwenye ofisi. Kumbe ndiye. Na usidhani ni kwetu tu watu wanagombana juu ya mpaka. Mzee Fernand na ndugu yake hawajasalimiana tangu 1971 kwa sababu ya ua wa miti. Wanakaa benchi moja kanisani, kila mtu ameangalia upande wake. Mama, nijibu upesi. Niambie kama ile ndama ilipona.'"

"Ndama ilipona," Wamucii akasema, akimtazama Hezekiah. "Ilipona, ikakua, ikazaa mara mbili. Na mtoto wangu hajui."

"Soma nyingine," akasema Mutahi, mwenye pikapu ya kubeba maziwa, kutoka upande wa wanaume.

Mukami akachomoa ya katikati. Ilikuwa ya Februari 1995.

"'Mama, hapa mtu wa posta ana gari dogo la njano. Anafika kila mlango, hata kwa Bibi Odile, huyu mzee ninayeishi kwake, ambaye haletewi kitu isipokuwa vitabu vya mbegu. Mwaka jana nilikuwa namkimbilia barabarani. Siku hizi akiniona kwa dirisha anatikisa kichwa akiwa mbali, ndio nisitoke kwa baridi bure. Mama, nilikukosea wapi?'"

Upande wa wanaume mtu akapenga kamasi. Wamucii hakulia. Hasira ilikuwa imemkausha macho tangu jana.

"Miaka mbili na nusu," akamwambia Hezekiah. "Mimi nimesimama chini ya ngazi yako, yeye amesimama kwa dirisha. Na wewe uko katikati, unatuangalia, unakunywa chai. Ulikuwa unasoma ukilala? Ulikuwa unacheka?"

Hezekiah akainuka. Alikuwa mtu mrefu, na alijua kuutumia urefu wake.

"Nani ameona hizo barua kwangu?" akanguruma. "Nani? Huyu mama amekuja na kopo yake, na barua zake, na msichana wa kwaya wa kuzisoma. Ati Ufaransa! Mimi naweza kuandika barua leo niseme imetoka mbinguni. Kuna shahidi? Asimame!"

Kwa nukta chache ilionekana kama mzee amepenya.

Kisha akasimama mtu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Nduta, mke wa Hezekiah, hakuwa amesema neno kanisani kwa miaka. Alikuwa mwanamke wa kukaa karibu na ukuta.

"Kopo ni yangu," akasema.

"Kaa chini, Nduta."

"Kopo ni yangu. Niliinunua kwa pesa ya mayai." Sauti yake ilitetemeka, kisha ikaacha. "Jana Mama Watiri alikuja kuomba sufuria. Ningemletea mimi mwenyewe. Nikamwambia, nenda store ujichukulie. Nilijua kopo iko wapi. Nilitaka aione."

"Nduta!"

"Siku ya kwanza nikikuuliza juu ya hizo barua, ulinifanya nini?" Akafungua mdomo, akaonyesha pengo mbele. "Hawa wote uliwaambia nilianguka kwa matope nikitoka kuteka maji. Mchungaji alikuja akaniombea goti lipone. Goti! Sikuanguka popote, watu wa Gikondu. Ni huyu."

Mabenchi yakalia kwa pamoja, watu wakisimama. Mzee mwingine wa kanisa akamshika Hezekiah mkono asimfikie mkewe.

"Na hamjasoma ile ya chini," Nduta akaendelea. "Iko ndani ya gazeti. Hiyo haikuandikiwa Mama Watiri. Iliandikiwa bwana yangu. Mimi sijui kusoma, lakini ilipofika alikaa nayo mezani mpaka chai ikapoa, halafu akacheka."

Wamucii akapindua kopo. Barua zikamwagika sakafuni. Chini kabisa kulikuwa na kipande cha gazeti, na ndani yake bahasha nyembamba ya bluu. *Mzee Hezekiah*, ilisema.

Mukami akaifungua. Macho yake yakakimbia juu ya mistari, kisha yakasimama. Akaketi.

"Soma," akasema Wamucii.

"Mama, hii ngoja tusome nje."

"Nimengoja vya kutosha. Soma."

Mukami akasoma, na safari hii sauti ilitoka ndogo sana hivi kwamba waliokuwa mlangoni walisogea ndani.

"'Baba mkubwa Hezekiah. Barua yako ya msiba imenifikia. Umesema mama alifia hospitali mwezi wa tano, mkamzika makaburi ya Sagana kwa vile mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kupanda nyumbani. Umesema kabla hajakata roho aliniachia neno, kwamba nisikanyage boma lake wala kulima shamba lake maisha yangu yote. Nimelisoma hilo neno mara nyingi. Bibi Odile ananiambia nile, siwezi. Sitakanyaga, baba mkubwa. Shamba chukua. Umesema bodi haiwezi kupitisha bila sahihi ya mtoto, nitatia. Nakuomba kitu kimoja peke yake, unionyeshe kaburi. Nitafika Nairobi Ijumaa tarehe kumi na sita mwezi wa nane, asubuhi. Tikiti yangu ya kurudi ni Jumapili jioni.'"

"Ijumaa ilikuwa juzi," akasema Mutahi polepole.

"Na Jumapili ni leo," akasema Mukami.

Sasa elewa ubaya wa jambo hili. Mama aliambiwa mtoto amemsahau, ili aachie shamba. Mtoto akaambiwa mama amekufa, na amekufa akimlaani, ili aachie shamba naye asikaribie Gikondu hata kwa hatua moja. Katika nchi hii mtu anaweza kumcheka polisi, akamcheka hakimu. Laana ya mama anayekata roho hakuna anayeicheka. Hezekiah aliijua vizuri. Ndiyo maana aliichagua.

Wamucii alitembea. Kina mama wakampisha, wakamfuata. Alifika mbele ya kiti cha wazee akasimama karibu kiasi kwamba Hezekiah alirudi nyuma, visigino vyake vikagonga ubao.

"Mimi nilimlaani?"

"Sikiza, tunaweza—"

"Nilizaa watoto watano, Hezekiah. Wanne uliwabeba wewe mwenyewe kwenda kuzika, wewe na Muriithi. Nikabaki na mmoja. Huyo mmoja ndiye nilimlaani? Kwa mdomo gani? Huu?" Akajipiga mdomo kwa kiganja. "Huu ambao kila siku umeomba arudi?"

"Mambo yamekwisha," Hezekiah akasema. Upole ulikuwa umemtoka. Kilichobaki kilikuwa baridi. "Piga kelele vile unataka. Msichana ametia sahihi jana, na kaburi ameliona."

"Kaburi la nani?"

"Lako."

Mtu alipiga nduru. Wamucii aliyumba, Nduta akamdaka kiwiko.

"Uongo," Wamucii akasema. "Watiri si mjinga. Ukimwonyesha rundo la udongo useme ni mimi, hawezi kukubali. Wewe hakupendi tangu akiwa mdogo."

"Mimi hanipendi," Hezekiah akasema, na mdomo wake ukajikunja upande mmoja. "Lakini mtu wa Mungu akisimama pale na kola yake, aombe, atie udongo kwa mkono, nani hatakubali?"

Ilichukua muda neno hilo kuingia. Kisha vichwa vikageuka, benchi baada ya benchi, kutoka kwa Hezekiah hadi mimbarini.

Mchungaji Gatimu alikuwa akikusanya karatasi zake.

"Niliambiwa ni marehemu mwingine," akasema haraka. "Jamaa ya Hezekiah. Mimi naitwa, naomba, natoka. Mchungaji hawezi kuuliza kila—"

"Uliomba ukitaja jina gani?" Wamucii akauliza.

"Mama Watiri, nakusihi."

"Ulisema, Bwana, mpokee mtumishi wako. Mtumishi gani? Taja jina."

Karatasi moja ikamponyoka mchungaji, ikaelea hadi sakafuni. Hakuinama kuiokota.

"Taja!" kina mama wakafoka.

"Wamucii," akasema. "Mke wa Muriithi."

Na huyu ndiye aliyetaka kwaya iimbe wa mia moja na nne! Huyu aliyemlisha meza ya Bwana kila mwezi! Vijana wawili waliruka mabenchi kumfikia, na kama Wamucii hangeinua mkono wangempasua joho.

"Mwacheni. Ako na kitu ya kuniambia. Mtoto wangu yuko wapi?"

Gatimu akatupia jicho mlango wa chumba cha kuvalia. "Skuta. Mtaa wa huko Nyeri, kwa dada yangu. Gari itamchukua saa tisa kumpeleka uwanja wa ndege."

Ilikuwa saa saba na robo.

"Mutahi!" akasema Wamucii.

Mutahi alikuwa amekwisha toka. Injini ya pikapu ilikohoa mara mbili, ikashika. Kanisa zima lilimiminika nje, kina mama wakipandisha sketi, wakivutana kupanda nyuma kati ya makopo ya maziwa. Wa mwisho kutoka alikuwa Nduta. Aliung'oa ufunguo wa kanisa kwenye msumari wake, akauvuta mlango, akaufunga kwa nje, Hezekiah na mchungaji wakiwa wamebaki ndani peke yao.

"Waombeane," akasema.

Wamucii alikuwa ameshika ukingo wa pikapu, mguu mmoja juu ya gurudumu, aliposikia sauti ikitoka kwenye dirisha la juu, lile lililovunjika kioo. Kicheko cha Hezekiah.

"Skuta! Mchungaji, hiyo umefikiria saa ngapi? Wacha waende wazunguke Nyeri mpaka jioni!"

Mguu wa Wamucii ukashuka.

"Zima gari," akamwambia Mutahi. Kisha kwa Nduta, "Fungua."

"Mama, wakati unaisha!" Mukami akalia.

"Fungua."

Nduta akazungusha ufunguo. Mlango ukasukumwa na mikono kumi, na Hezekiah akaonekana katikati ya barua zilizomwagika, kicheko kikimfia usoni. Alikuwa peke yake. Nyuma ya mimbari, mlango wa chumba cha kuvalia ulikuwa ukipiga ukuta, na dirisha lake dogo lilikuwa wazi. Joho jeusi lilikuwa limenaswa kwenye ndoano.

Pikipiki ya mchungaji ikanguruma nyuma ya kanisa.

Wakakimbilia ukingo wa uwanja. Huko chini waliiona ikiruka mashimo kati ya chai, mchungaji ameinama juu ya usukani, shati lake jeupe limejaa upepo. Ilifika njia panda. Mkono wa kulia ulikuwa wa kwenda Nyeri. Haikupunguza mwendo hata kidogo. Ilikata kushoto, barabara ya Sagana.

"Watiri yuko Sagana! Anaenda kumtoa!" Mutahi akapiga kelele. "Atamfikia kabla yetu!"

Wamucii alikuwa ameshageuka. Alirudi hadi mlangoni mwa kanisa, akamshika Hezekiah ukosi wa koti lake la Jumapili, mwanamke wa miaka hamsini na minane asiyemfikia begani, na akamvuta ngazi zile zile, moja baada ya nyingine, hadi kwenye pikapu.

"Panda utuonyeshe alipo."

"Mimi siendi popote."

Kina mama kumi na wanne waliinuka nyuma ya pikapu. Hezekiah akawatazama. Akapanda.

Wamucii akapanda, akakaa kando yake, bega kwa bega, bado ameshika ukosi.

"Mtoto wangu ameambiwa mimi ni maiti," akasema. "Akiniona ataogopa, pengine atakimbia. Lakini kabla hajakimbia, wewe utafungua huo mdomo wako umwambie ni nani aliyenizika. Mutahi, twende."